Ufagio wa Safari

Juzi, nje ya ofisi moja ya utalii hapa Kariakoo, kijana aliniamkia vizuri, akanipa karatasi yenye picha ya simba, kisha akaniuliza kama nimewahi kwenda safari. Nikamjibu nimesafiri sana. Akacheka. “Hapana mama, safari ya kuona wanyama.”

Nilikasirika. Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, Wazungu wakalichukua kwetu, leo ananifundisha mtoto wa Kariakoo maana yake.

Mimi nililijua nikiwa mtoto, mchana ule baba, dereva wa lori la mizigo, alipoondoka kwenda Zambia. Chumba kilinukia udi, lori likinguruma nje. Nikashika ufagio, mama akaninyang'anya. “Msafiri akitoka hatufagii mpaka afike.” Nikadhani alama za viatu vyake sakafuni ndiyo njia atakayorudia, nikawa nazikwepa.

Habari za kufika hazikuja. Chumba hakikufagiwa mpaka majirani walipokuja na ufagio wao, wakatandika mikeka ya msiba.

Nilimrudishia yule kijana simba wake. Safari ni mtu kuondoka, na nyumba kubaki haijafagiwa.