Sabufa Mbili za Kaka Yangu

Kabla ya Alkhamisi ile, mambo yalikuwa hivi. Kaka yangu, anizidiye miaka tisa, alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake. Zilimtoka kwanza sauti nyembamba: ndege, simu, wajukuu. Zikafuata sauti za wanawake, ya binti yake wa mwisho ikiwamo. Zilizosalia ni sauti nzito, na hizo alizipokea zaidi kwa mgongo kuliko kwa masikio, kupitia kiti cha pikapu yake. Binti huyo alikuwa aolewe. Katika ukoo wetu, tangu tulipotoka Unguja kuja Maskati, gari la baba hutangulia msafara wa bibi harusi likipiga taarabu. Kaka alitaka kuisikia taarabu ya harusi ya mwanawe, basi.

Nami nilikuwa nimechoka. Mwaka mzima nilikuwa ulimi wa watu wote kwake, hospitalini, msikitini, hata mezani, na kila neno nililomfikishia lilikuwa ukelele.

Dukani Wattaya, mtaa wa maduka ya vifaa vya magari, kaka alinunua sabufa mbili na amplifaya moja kwa kutazama ukubwa wa maandishi ya wati kwenye makasha. Nilikisoma kijitabu nikiwa nimesimama, kama nisomavyo kila kitu, tanbihi kwanza. Ukinzani wa kila sabufa ulikuwa omu nne. Zikifungwa sambamba, amplifaya huziona kama mzigo mmoja wa omu mbili. Na kijitabu kilionya kwamba amplifaya ile isishushwe chini ya omu nne, la sivyo itaungua.

Fundi, mtu wa Tanga, naye alikuwa na wasiwasi.

"Mzee, nikizifunga kwa mfuatano zitakuwa salama, ila zitapungua nguvu."

Nilimpigia kaka kelele sikioni: "Anasema zitapungua nguvu!"

"Sabufa ya kunong'ona nnaifanyia nini mie?" akasema kaka. "Minong'ono yote ya Maskati hainifiki, nkanunue mwengine?"

Wateja wakacheka. Fundi akanigeukia. "Ustadhi unasemaje?"

Jibu nilikuwa nalo, na ukurasa wenyewe nilikuwa nimeushikilia kwa kidole. Lakini kumsahihisha kaka kwa sauti ya chini kusingemfikia, na kwa sauti ya juu kungekuwa kumkaripia mkubwa wangu mbele ya wageni. Sikulelewa hivyo. Isitoshe, koo lilikuwa linaniuma.

"Mwenye gari ni yeye," nikasema.

Zikafungwa sambamba.

Alkhamisi, baada ya laasiri, tulitoka kwetu Hail kwenda Ansab kwa bwana harusi, nikiwa nimeketi kando ya kaka na msafara wa bibi harusi ukitufuata. Kwa nusu ya safari amplifaya ilifanya kazi nzuri ajabu. Kaka aliegemeza kichwa kitini, vidole vyake vikifuata mdundo kwenye usukani bila kukosea hata pigo moja, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuniuliza kitu. Kisha harufu ya plastiki iliyoungua ikatoka nyuma ya kiti. Muziki ukakatika.

Akaubandika mgongo wake kitini, akangoja. Akaweka kiganja juu ya kiti.

"Imekufa?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ulijua?"

"Nilijua!"

"Mbona hukunambia?"

"Watu walikuwapo, kaka!"

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu anayeendesha gari.

"Haya," akasema. "Mie kiziwi, wewe bubu. Mama kaacha watoto."

Nyuma yetu magari yalianza kupiga honi badala ya taarabu. Sikumwambia.

Tulifika Ansab, ndoa ikafungwa. Baada ya wiki mbili yule fundi alimfungia amplifaya nyingine, iwezayo kubeba omu mbili, nayo inafanya kazi mpaka leo. Binti alikuwa keshahamia kwa mumewe.