Kompyuta za Amana

Chumba cha kompyuta cha chuo chetu kilinukia karafuu. Jengo lenyewe lilikuwa ghala la familia moja ya Kiarabu, iliyokuwa na mashamba mpaka chini bondeni, na mzee wao wa mwisho aliliacha wakfu lisomeshewe watu. Magunia yaliondoka zamani lakini kuta hazikusahau. Juu ya harufu ile ya kale Mwalimu Mkuu aliongeza mpya. Alishona vifuko vidogo vya karafuu akaviweka nyuma ya kila mashine ili mende wasisogee, kama tufanyavyo kwenye masanduku ya nguo.

Mimi nilifika Mtambile, kilipo chuo, kutoka kwetu Kiuyu na shahada yangu ya kompyuta, na hasira zangu nilizozaliwa nazo. Mama husema nilitoka tumboni nikigomba na mkunga. Nilidhani nimekuja kufundisha. Siku ya kwanza Mwalimu Mkuu alitoa ufunguo kwenye mfuko wa kanzu, akafungua mlango, akaniomba nivue viatu. Ndani, kompyuta zilikuwa zimejipanga juu ya meza ndefu, kila moja imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni. Vitambaa vile alivifuma mkewe. Alifunua kimoja, akanionesha skrini isiyo na hata alama ya kidole, kisha akakirudisha na kukinyoosha pembe zote.

"Hizi ni amana," akaniambia.

Mashine zile zilitumwa na vijana wa kwetu walioko Arabuni. Mwalimu Mkuu aliwaomba miaka na miaka. Hakuna arusi wala matanga aliyohudhuria bila kumvuta pembeni jamaa wa mtu aliyeko ng'ambo na kumpa salamu zile zile: chuo hakina kompyuta. Zilipofika bandarini Mkoani alisimama mwenyewe juani mpaka boksi la mwisho likapakiwa garini. Kwa hiyo sisemi kwamba hakuzipenda. Alizipenda kupita kiasi.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Alhamisi, baada ya adhuhuri, chumba kilifunguliwa. Mashine moja tu, ile ya karibu na mlango, ilivuliwa kitambaa na kuwashwa. Wanafunzi waliacha viatu nje, wakapanga mstari, na kila mmoja alikaa kidogo, akafungua ukurasa, akaandika jina lake, akampisha mwenzake. Nyingine zote zilibaki na maua yao. Siku nyingine tulisomea chumba cha pili, chenye ubao na chaki.

Nilimfuata ofisini kwake mara nyingi. Sauti yangu ilikuwa ikisikika mpaka barabarani kwenye maduka, niliambiwa baadaye.

"Mwalimu Mkuu, mtu hajifunzi kuogelea kwa kutazama maji."

"Mwanangu," alinijibu, naye hakuwahi kunipandishia sauti, "weye waona mashine. Mie naona jasho la watoto wa watu. Siku wakija kututazama wakazikuta vipande vipande, n'tawaangalia kwa jicho gani?"

"Na hawa wanafunzi? Amana hii si yao?"

"Ni yao. Ndo maana nawatunzia."

Na kweli, waliporudi likizo vijana wawili wa ng'ambo, wakaona kila kitu kinang'ara, walimbusu mkono. Baada ya siku ile nililosema halikumwingia. Kuambizana kupo, kusikilizana hapana.

Basi nikatengeneza kibodi za boksi. Nilikwenda dukani nikaomba maboksi ya tambi, nikayakata, nikachora vitufe vyote kwa kalamu nene, kila mwanafunzi na yake. Kisha nikawafundisha kwa njia ambayo sisi sote tulifundishwa tangu chuo cha Kurani, tulipokuwa tukisoma alifu kwa kijiti: kwa sauti, wote kwa pamoja, na mwili ukiyumba, kila kidole na herufi yake. Cha mwisho, A! Cha pete, S! Cha kati, D! Cha shahada, F! Watu waliopita nje walidhani tunasoma uradi. Wanafunzi walicheka wiki ya kwanza. Baadaye hawakucheka tena, kwa sababu vidole vilianza kwenda vyenyewe.

Aliyewashinda wote alikuwa mwanamke mmoja kutoka upande wa Mkoani. Alikuwa amenipita umri, nami nikimwita dada. Ameachwa, na ana binti mmoja wa miaka saba, mtoto wa meno ya mbele yaliyong'oka, ambaye siku nyingine alimleta darasani kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia. Huyu dada hakuja kwetu kutafuta usasa. Aliniambia sababu yake siku ya pili tu, akiwa anakunja buibui lake mapajani.

"Babake yuko Unguja, anantaka mwanawe. Kasema, ikiwa mie nna kazi ya maana, mtoto abaki kwangu asome. Ikiwa sina, baada ya Ramadhani aja mchukua. Nami nshaahidiwa kiti pale pa kukatia tiketi za boti. Watakacho ni cheti, wallahi, si jengine."

Hivyo cheti kwake kilikuwa mtoto. Nilijua, na Mwalimu Mkuu alijua, maana nilimwambia siku ile ile, nikidhani hilo litaufungua mlango. Aliinamisha kichwa, akasema atamwombea dua. Aliomba kweli; nilimsikia baada ya sala akimtaja.

Boksi lake alikwenda nalo kila mahali. Alilitandika jikoni kando ya mbuzi ya nazi, akalichukua hata shambani msimu wa karafuu, mchana watu wanapopumzika. Alifumba macho, midomo ikimchezacheza, vidole vikikimbia. Binti yake naye aliushika ule wimbo kwa kusikia tu. Ukimuuliza kidole cha shahada cha kushoto ni nani, alikuwa akijibu kabla mama yake hajafungua kinywa. Nilikuwa nikiwatazama wale wawili na moyo wangu ukijaa. Nilijiambia, hata wakitufungia milango, sisi tumepenya.

Mtihani wa vitendo ulifika kabla ya mwezi wa Shaabani kuisha. Msimamizi alivuka kutoka Unguja, mtu mpole, shati lake limepigwa pasi, na masharti yake aliyasoma kwanza mbele yetu: mwalimu anaweza kuwapo chumbani, lakini akitoa neno au ishara, mtihani wa wote umefutika. Mwalimu Mkuu na mimi tukasimama ukutani. Asubuhi ile alikuwa amevua vitambaa vyote kwa mkono wake, akavikunja kimoja kimoja. Kwa mara ya kwanza niliziona mashine zote zikiwa uchi, na zote zikawaka. Alinitazama, na uso wake ulisema: unaona? Nzima.

Walitakiwa waandike barua ya kuomba kazi, waihifadhi, kisha waichapishe. Dada yule alipangiwa mashine ya mwisho, kwenye kona. Alisema bismillahi, akaifungua programu kama tulivyofanya Alhamisi zote, akaangalia karatasi ya maswali iliyokuwa kulia kwake, na vidole vikaondoka. Subhanallah, viliondoka! Wenzake walikuwa bado wanatafuta herufi, yeye vitufe vinalia kama mvua juu ya bati. Midomo inacheza, mwili unayumba. Msimamizi mwenyewe aligeuka kumtazama.

Mimi nilitazama skrini yake.

Katikati ya skrini palikuwa na kidirisha kidogo, kilichochomoza macho yake yalipokwenda kwenye karatasi. Ni kile ambacho programu hukitoa siku ya kwanza inapofunguliwa kwenye mashine mpya, kuuliza kama mtumiaji anakubali masharti. Hakiondoki mpaka uchague jibu kwa kipanya, na kikiwapo hapana kinachoandikika. Mashine ya mlangoni ilishajibiwa swali hilo zamani. Hizi nyingine hazikuwahi kuulizwa na mtu. Zilitunzwa mpya, na upya wao ulikuwa unatusubiri.

Wenzake walikwama nalo pia. Lakini wao, kwa uzito wa mikono yao, walikuwa wakibonyeza herufi moja na kuinua macho kuona kama imetokea. Waliona kidirisha, wakahangaika, mmoja akabofya, wengine wakabofya. Yeye hakuinua macho. Angeyainua kwa lipi? Kwenye boksi la tambi hapana cha kutazama. Huko alikojifunzia, kidole kikifika mahala pake basi herufi imeandikwa, na hapana cha kumwambia mtu kwamba haikuandikwa. Hilo silo nililofikiria nilipokuwa nikikata maboksi, na hata leo nikilifikiria huuma.

Nilimsikia Mwalimu Mkuu kando yangu akipumua kwa nguvu; ameona kwamba ukurasa ni mtupu, hajui kwa nini. Alinigeukia. Nilitikisa kichwa, kwa maana ya usiseme. Aliushika ufunguo mfukoni mpaka nikausikia ukigonga tasbihi. Yule dada akafika kwenye "wako mtiifu", akaandika jina lake, akaweka mikono mapajani. Akamshukuru Mungu. Ndipo akainua uso.

Sitausahau uso ule. Aliitazama skrini, akavitazama vidole vyake, akairudia skrini, kama mtu aliyeweka kitu hapa sasa hivi. Akabofya kile kidirisha, kikaondoka kirahisi kabisa, na ukurasa mweupe ukafunguka. Akaandika tena. Alikuwa amefika "Ndugu Meneja" msimamizi aliposema muda umekwisha.

Mwalimu Mkuu alimfuata msimamizi mpaka barazani. Mzee yule ambaye sikuwahi kumwona akikiri kosa, alikiri na kuomba. Alisema kosa si la mwanafunzi, kosa ni lake, yeye ndiye aliyefungia mashine, aandikwe yeye. Alimnyooshea ufunguo kana kwamba huo ndio ushahidi. Msimamizi alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mzee wangu, nakuamini. Lakini mimi nasahihisha kilichoandikwa. Mtihani ni mwakani tena."

Maji yakimwagika hayazoleki. Ramadhani iliingia, ikatoka. Siku ya pili baada ya sikukuu, baba wa mtoto alikuja, mtu wa heshima zake, wala sina la kumlaumu. Ahadi aliitoa wazi na aliitimiza. Nilikwenda Mkoani kumsindikiza dada yule. Mtoto alivaa nguo za Iddi na begi jipya mgongoni. Alipoulizwa achukue nini cha mamake, alichagua boksi. Wapagazi walikuwa wakipiga kelele, boti ikapakia, nasi tukabaki na jua letu.

Wiki iliyofuata Mwalimu Mkuu aliniita akanipa ufunguo. Tangu hapo chumba kinafunguliwa asubuhi na kufungwa magharibi. Vitufe vimeanza kufutika herufi, viti vimelegea, na mashine mbili zimeshakufa, zikazikwa kabatini. Vitambaa mkewe alivichukua akaviweka juu ya makochi. Somo langu la kwanza kwa kila mwanafunzi mpya ni moja: inua macho. Kabla hujajua A iko wapi, inua macho.

Dada yule alirudi. Alisoma mwaka mzima upya, tena kwenye mashine, na katika mtihani akafaulu. Kile kiti cha tiketi kilikuwa kimeshapata mtu, na mtoto alikuwa ameshaanza skuli ya Unguja, ana marafiki, hahamishwi katikati. Siku aliyokuja kuchukua cheti alikitazama, akakiingiza ndani ya mkoba, kisha akaniomba kama anaweza kukaa kidogo kwenye ile mashine ya kona. Nikamwashia.

Aliandika mstari mmoja, taratibu, halafu akainua macho. Alikuwa ameandika jina la binti yake.

"Limo," akasema.

"Limo, dada."

"Lau mwaka jana langu lingekuwamo, naye angekuwapo hapa."

Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mlangoni, ameshavua viatu, ingawa siku hizi hapana anayevivua. Hakuingia. Aliinama akavivaa tena, na akarudi ofisini kwake.