Leo nimeshika mfuko wa damu pale Njiru

Wapendwa, sikieni ya leo.

Lori limegonga mtu wa bodaboda karibu na kibanda changu cha mboga. Watu walikuwa tayari wanamrusha kwenye pikapu, vile sisi hufanya.

Ambulensi ikafika. Akashuka nani? Binti yangu Mwende! Yule niliyemsomesha kwa kuuza sukuma wiki.

"Mwacheni chini! Damu tuko nayo hapa, tumwongeze kwanza ndiyo tumbebe," Mwende akapaza sauti.

"Ambulensi gani haiendi hospitali?" mzee mmoja akamfokea.

"Huyo ni msichana wangu, na anajua kazi!" (Ningenyamaza aje?)

Mwenzake alikuwa anabana mguu uliokatika, kwa hivyo Mwende akanipa mimi mfuko wa damu niuinue. Ulikuwa mmoja tu.

Huyo wa boda akafungua macho, akaniita kama mama yake. "Mathe, nitafika hospitali?"

"Utafika. Msichana wangu yuko hapa."

Mfuko ukaisha. Mimi bado nimeuinua.

"Mama, shusha mkono," Mwende akaniambia polepole. "Ameenda."

Sasa Mwende yuko kwangu, hajagusa chakula. Bado najivunia yeye, na nitasema.

Kesho naenda kutoa damu, ndiyo ambulensi ibebe mifuko miwili. Nani ananisindikiza?