Nzi watatu wa Kihesa waliotaka kumfukuza ng'ombe wa shangazi

Wakuu, kamwene kwa wa Iringa, ugonile kwa wa Mbeya, na wengine wote salama?

Haya niliyaona kwa macho yangu, mengine niliyashika kwa mkono. Kama unakula, maliza kwanza ndipo usome.

Mimi naishi Mbeya, kazi yangu ni kutibu mifugo. Shangazi yangu ni mjane, yuko Kihesa, Iringa. Ana ng'ombe mmoja wa maziwa anaitwa Malkia, na huyo Malkia ndiye anayemlisha.

Hivi karibuni shangazi akanipigia simu analia. Jirani yake Mama Zuhura, muuza vitenge, amemshitaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Anadai nzi wa Malkia wamejaa nyumbani kwake, wanang'ata watoto miguu. Jumamosi mwenyekiti anakuja kukagua, na ikithibitika, ng'ombe anaondoka mtaani.

Ijumaa nikapanda basi.

Sikuanza na banda. Nilibisha hodi kwa Mama Zuhura.

"Karibu, daktari wa ng'ombe," akasema. "Umekuja kuwatetea nzi wa shangazi yako?"

"Nimekuja kuwaangalia tu, mama. Umejuaje ni wa kwake? Wana kitambulisho?"

"Wangekuwa nacho, kingeandikwa Malkia!"

Nilicheka. Lakini wakuu, vitambulisho wanavyo kweli. Wanavyo mwilini.

Nikakamata wa jikoni, wa sebuleni, na wale wanaong'ata miguu. Kila kundi glasi yake. Nikawaweka kwenye friji ya shangazi wapoe, maana nzi mwenye baridi hasumbui kupigwa picha. (Shangazi hakufurahi. Friji ile ni ya maziwa.)

Halafu nikazunguka nyumba zote mbili na kijiti, mpaka jalala la kona, nachokonoa kila penye unyevu.

Jumamosi mwenyekiti akafika. Nikawapanga nzi kwenye kisosi cheupe, nikawapiga picha, kisha nikampa mwenyekiti, shangazi na Mama Zuhura simu wavute picha karibu.

"Mbona wote sawa?" akauliza mwenyekiti.

Kwa haraka ni sawa, ni ndugu wa karibu. Nikaanza na yule wa miguuni. Mgongoni ana mistari minne myeusi, kama nzi wa kawaida. Ila tumbo lina madoa meusi, na mdomo wake ni sindano ngumu iliyochomoza mbele ya kichwa. Huyu anakunywa damu, ya ng'ombe na ya watu. Anapenda kutaga kwenye majani yaliyolowa na kuoza.

"Shangazi," nikasema, "lile rundo la majani anayobakiza Malkia, nyuma ya banda, nimelichokonoa. Funza wamejaa."

Mama Zuhura akapiga makofi. "Si nilisema mimi!"

"Subiri, mama. Huyu wa sebuleni ni mwembamba, mdogo kidogo, mgongoni ana mistari mitatu iliyofifia. Ndiye yule anayezunguka katikati ya chumba, hatui."

"Huyo huyo! Ananizungukia kutwa nzima!"

"Huyu anapenda sana kinyesi cha kuku. Na chini ya banda lako la kuku nimekuta funza wake, wana vimiba ubavuni."

Nyuma ya nyumba jogoo akawika, kama ameitwa.

Shangazi akajifunika mdomo na kanga. "Jirani, na hao kuku wako wanaitwaje?"

Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. Mama Zuhura alijikaza, kisha naye akashindwa.

"Na huyu wa jikoni?" akauliza Mama Zuhura.

Huyo ni nzi wa kawaida. Mistari minne, tumbo halina madoa ya namna ile, mdomo laini kama sifongo. Hawezi kung'ata hata akitaka. Anazaliana kwenye samadi pia, sitamsafisha Malkia kwa uongo, lakini ya Malkia shangazi huitoa na kuianika kila siku. Hawa niliwakuta wengi zaidi kwenye jalala la kona.

"Jalala la nani?" akauliza mwenyekiti.

Shangazi na Mama Zuhura wakamtazama yeye. Mtaa mzima unatupa pale, naye akiwemo.

Hukumu ikawa hivi: shangazi atawanye lile rundo likauke, Mama Zuhura akwangue banda la kuku, mwenyekiti aitishe usafi wa jalala. Malkia abaki.

Nzi hawajaisha, wakuu, nzi hawaishi. Ila wamepungua sana. Watoto wanacheza nje, na Malkia ameacha kurusha mateke akikamuliwa. Maziwa ya jioni yanaenda kwa Mama Zuhura.

Nilichojifunza: kabla hujamfukuza mtu au ng'ombe, mwangalie nzi vizuri. Mgongo, tumbo, mdomo. Huhitaji maabara, simu yako inatosha.

Mwenye nzi wanaomsumbua aweke picha hapa, moja ya mgongoni na moja ya ubavuni, mdomo uonekane. Tutamtambua pamoja, na ukikosea hakuna atakayekucheka.

Mimi nimeshazoea. Jana tu Mama Zuhura kanitumia picha ya nzi amekaa kwenye kikombe cha chai: "Mwanangu, huyu ni wa kwangu au wa shangazi yako?"

Nikavuta picha. Mistari minne, mdomo laini.

"Wa wote, mama. Funika chai."