Saa ya pazia katika saluni ya Bi Rubab

Saa moja kasorobo asubuhi, mlango wa saluni moja ya Mbezi Beach bado una kibao cha "Tumefunga". Ndani, nyuma ya pazia la kijani, Demetria Revelian ameuma ncha ya uzi mweupe. Ncha nyingine iko vidoleni, na uzi unapita kwenye kidevu cha mwanamke aliyeegemea kiti, ukizing'oa ndevu.

"Polepole hapo, sista, hapo ndipo penye msitu," anasema mteja, na kiti kinatikisika kwa kicheko.

Demetria hawezi kujibu. Anacheka kwa macho.

Kidevu chake mwenyewe kina ndevu fupi nyeusi, na hajazificha. Zamani angekubali ardhi immeze kuliko mtu azione.

Ana miaka 28. Alitoka kwao Muleba kumfuata dada yake anayeishi Wazo, karibu na kiwanda cha saruji, akapata kazi hapa ya kufagia na kuosha wateja nywele, kwa shilingi 220,000 kwa mwezi. Kila alfajiri alijinyoa kwa wembe, kisha akavaa barakoa kutwa nzima.

"Nilisema vumbi la saruji linanipa mafua," anasimulia. "Nani angebisha? Mie nakaa Wazo."

Hedhi nayo ilikuja ilivyotaka. Miezi ilipita mikavu, halafu ikaja kama bomba lililopasuka. Hakumwambia mtu.

Mwenye saluni, Bi Rubab, ni mjane wa miaka 68. Kila asubuhi, kabla ya kufungua, alimtuma Demetria nje: kafue mataulo, kalete maziwa. Wanawake waliingia na mitandio hadi puani, wakaondoka kabla kibao hakijageuzwa.

"Nilidhani ni ndugu zake wanakuja kunywa chai. Nikasema, wenzetu wanapendana hawa!"

Siku moja Demetria alichelewa kuamka, akaja bila kujinyoa, na Bi Rubab akamwambia aache mataulo.

"Vua barakoa, mwanangu. Kaa."

"Nikajua leo nafukuzwa," anasema Demetria.

Bi Rubab hakumfukuza. Alishusha pazia, akauma uzi, akaanza kumtoa ndevu taratibu, kwa mkono mwepesi kama wa mtu anayemfuta mtoto machozi. Na kwa kuwa alikuwa na uzi mdomoni, hakuweza kuuliza hata swali moja. Katika ukimya ule Demetria akajikuta anasema yote: wembe, hedhi, na Ansbert, mchumba wake, ambaye hajui chochote.

Alipomaliza, Bi Rubab akautoa uzi mdomoni. "Hao wanaokuja asubuhi, ulidhani wanafuata chai yangu?"

Mwalimu. Karani wa benki. Mke wa mchungaji. Bibi harusi mtarajiwa. Siku zote hizo Demetria alikuwa anafagia nje ya mlango, na ndani wamekaa wenzake.

"Mpaka leo nikikumbuka nywele zinanisimama," anasema. Kisha anashika kidevu. "Zote."

Bi Rubab alimpeleka hospitali mwenyewe, akakaa kwenye benchi akimshikia mkoba. Baada ya vipimo vya damu na ultrasaundi, daktari aliwaeleza kwamba ni hali iitwayo PCOS. Homoni hupoteza mizani, ndevu huota, ovari hujaa vifuko vidogo, na yai halipevuki kila mwezi. Haiponi moja kwa moja, ila hudhibitiwa kwa dawa, chakula na mazoezi. Wengi hupata watoto, baadhi kwa kusaidiwa na dawa.

"Sikusikia 'wengi'," anasema Demetria. "Nilisikia 'kusaidiwa'."

Ansbert, dereva wa lori la saruji, alikuwa anajiandaa kupeleka mahari Muleba. Kumwambia kungeweza kuvunja uchumba. Kunyamaza, Demetria anasema, kungekuwa kupokea mahari ya mtu kwa uongo.

Alimwambia Jumapili baada ya misa, kwenye kibanda cha soda. Alishusha na barakoa, na asubuhi hiyo hakuwa amejinyoa.

Ansbert aliizungusha chupa mpaka soda ikaisha gesi. Akamsindikiza mpaka nyumbani, akaondoka. Wiki ile simu haikulia, na Bi Rubab, ambaye hana kawaida ya kuleta chakula kazini, alikuwa anakuja na dengu za moto na kusimama pale mpaka Demetria ale.

Siku lori liliposimama mbele ya saluni, Ansbert alishuka akiwa na vumbi hadi kwenye kope.

"Kliniki yako lini?" akauliza. "Nataka nibadilishane zamu."

"Na watoto, Ansbert?"

"Nawataka, siwezi kukudanganya. Ila nilikuja kwako kabla yao." Akamtazama kidevu. "Halafu mbona umenipita? Mie ndevu zangu hata haziungani!"

Bi Rubab, aliyekuwa mlangoni, alicheka mpaka akashika fremu.

Mahari imekwishafika Muleba. Harusi ni baada ya Pasaka. Jioni wachumba hao hutembea kwa miguu, kama daktari alivyoshauri, na Ansbert ndiye anayelalamika magoti.

Macho ya Bi Rubab yamepungua nguvu, hivyo saa ya pazia sasa ni ya Demetria. Anaweka akiba afungue chumba chake Wazo, chenye kiti kimoja na pazia. Siku anayojua atapata mteja mgeni, yeye hajitoi ndevu.

Leo mgeni amefika. Ni msichana aliyejifunga mtandio hadi machoni, amesimama mlangoni kama anayetaka kurudi.

"Shikamoo," ananong'ona.

"Marahaba, mdogo wangu. Ingia." Demetria anawasha taa ya juu na kuinua uso. "Anza kuniangalia mie."