Kopo la Babu Jivani

Maji ya Bonde la Msimbazi yalikuwa na harufu tatu, nami nilizijua zote kabla sijajua kugawanya kwa tarakimu mbili. Yakiwa yametulia yalinuka majani mabichi. Yakianza kupanda yalinuka udongo, ule udongo ambao wajawazito huununua sokoni Kariakoo wakautafuna. Yakishapanda hadi kwenye matete yalinuka chuma chenye kutu, na hapo Baba alikuwa akisema hakuna haja ya kubeba ndoano, bora mtu abaki nyumbani achambue mchele. Harufu hiyo ya tatu ndiyo iliyotawala masika ninayotaka kuisimulia. Mpaka leo, mvua kubwa ikinyesha na mitaro ya mjini ikaanza kutapika, harufu ile hunijia puani nami siwezi kukaa. Natembea chumbani, nafungua jokofu, nalifunga, nachungulia dirishani kama mtu aliyeahidiwa mgeni.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulipanga vyumba viwili Mchikichini, kwenye nyumba za mwisho kabla ardhi haijateremka bondeni, na mimi nilikuwa mtoto pekee, jambo ambalo majirani hawakuacha kulizungumzia. Mama alikuwa amepoteza mimba mbili baada yangu. Ya pili ilimtokea akiwa amelazwa hospitali, na tangu hapo hakutaka hata kupita barabara inayoelekea huko. Masika ile alikuwa na mimba nyingine ya miezi minne, na alitapika kila kitu: uji, chai ya rangi, ndizi, hata maji. Samaki wa baharini wa soko la Feri hakutaka kumsikia, na perege wa barafu kutoka Kariakoo alimrudisha kabla hajammeza. Kitu kimoja tu kilibaki tumboni mwake, nacho ni mchuzi mweupe wa perege aliyevuliwa asubuhi hiyohiyo, wenye ndimu na chumvi kidogo. Muuguzi wa kliniki alimpima, akatikisa kichwa, akasema akiendelea kupungua itabidi alazwe atundikiwe dripu. Mama alirudi nyumbani akajilaza kitandani. Aliniita akanishika mkono, akaniambia, "Zuhura mwanangu, mimi wodini sirudi. Nitafutie samaki." Alikuwa anaogopa, na hofu yake ikahamia kwangu kama upele.

Chini ya nyumba zetu, mbali kidogo na mto wenyewe, kulikuwa na bwawa dogo lililoachwa na wachimba mchanga. Mto ulikuwa mchafu, kila mtu alilijua hilo, lakini bwawa lilipata maji yake kutoka kwenye chemchemi ya mteremkoni, na perege wake walikuwa watamu. Baba ndiye aliyenifundisha kuvua pale. Alizaliwa Rufiji, akakulia mtoni, kisha maisha yakamleta Kariakoo kushona nguo barazani mwa duka la viungo. Masika ile alikuwa amebanwa na sare za harusi moja kubwa, cherehani haikupoa, kwa hiyo kazi ya samaki ikawa yangu. Shule niliingia zamu ya mchana, asubuhi zote zilikuwa zangu. Alinikatia ufito, akanifungia mshipi na ndoano, akakata kipande cha ndala kuukuu kiwe chelezo, akanipa na maneno yake ya kawaida: subira huvuta heri.

Subira ndiyo niliyonyimwa. Bibi yangu alikuwa akisema nikiketi ni kama nimekalia siafu. Na hata mwenye subira ya jiwe asingefua dafu masika ile, kwa sababu mabaya yote ambayo Baba aliwahi kuniambia yalikuja kwa pamoja. Aliniambia baridi ya ghafla humfanya perege ashuke chini na kufunga mdomo, ikaja mvua ya siku tatu na baridi ya kuvaa sweta. Aliniambia maji yakipanda samaki hutawanyika majanini, anakoshiba wadudu na hana shida na chambo cha mtu, nayo yakapanda mpaka yakafunika jiwe nililozoea kukalia. Yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Ukizamisha mkono, vidole huvioni. Siku moja jua lilitoka nikafurahi, kumbe upepo nao ukatoka, ukawa unakisukuma chelezo huku na huko hata sikujua kipi ni samaki na kipi ni wimbi. Nilibadili mahali kila dakika tano. Nilitukana nyungunyungu. Asubuhi sita mfululizo nilipanda mlima mikono mitupu, na Mama akinisikia mlangoni hakuuliza. Alikuwa akigeukia ukutani.

Asubuhi ya saba nilifika mapema, nikamkuta Babu Jivani. Huyu ndiye mwenye duka ambalo Baba alishonea barazani kwake, Mhindi mfupi, mkali, aliyekuwa akiigombeza mvua kama anaidai majibu. Kwao hawakula nyama wala samaki. Kila siku kabla ya kufungua duka alikuja bwawani, suruali imekunjwa hadi magotini, mwavuli kwapani, na kopo la samli lililojaa vidonge vya unga wa ngano uliokandwa. Alikuwa akiwalisha samaki. Mkewe ndiye aliyeianza kazi hiyo, na alipofariki mzee akaishika kama sadaka yake. Nilikuwa nimemwona mara nyingi kwa mbali, lakini sikuwahi kumtazama vizuri. Siku ile alisimama kwenye zege la zamani ukingoni, akaligonga kopo kwa pete yake mara tatu, polepole, akasubiri. Kisha akarusha vidonge. Na yale maji ya chai, yaliyonikatalia siku sita, yakachemka. Perege walikuja kwa wingi hata migongo yao ikaonekana juu.

Nilielewa papo hapo. Kwenye tope samaki haoni, lakini anasikia. Mzee alipoondoka nilikimbia nyumbani, nikakanda unga kiganjani, nikachukua kopo tupu la maziwa na msumari. Nilisimama pale pale aliposimama yeye. Niligonga mara tatu, polepole, kama yeye. Chelezo hakikupata hata nafasi ya kutulia. Mama alikunywa bakuli zima la mchuzi, tukakaa mimi na yeye tunatazamana, tunasubiri autapike, hakuutapika. Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu masika ianze, na nikajua kesho nitarudi.

Nilirudi kila asubuhi. Nilijificha kwenye matete mpaka mzee amalize, akifika barabarani natoka. Baba alipouliza nampataje samaki kwenye tope lile, nilisema nyungunyungu wa jalalani ni wanene. Mashavu ya Mama yalianza kurudi. Nilikuwa na furaha, sitasema uongo, lakini ilikuwa furaha ya mtu anayetazama nyuma kila hatua mbili. Niliota kopo. Darasani mwalimu akigonga meza kwa chaki, nilishtuka.

Siku moja nilimpelekea Baba chai barazani. Babu Jivani alitoka dukani, akaegemea nguzo. Nilimwamkia, "Shikamoo babu." Akaitika marahaba bila kunitazama.

"Fundi," alisema, "wewe mtu wa mto. Samaki anaweza kumchukia mtu?"

Baba alicheka huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Samaki hana chuki, mzee. Ana kumbukumbu tu. Kwani vipi?"

"Siku ya nne leo hawaji. Nagonga, nagonga, maji kimya. Ile sadaka ya mke wangu, fundi. Alisema nisiiache. Sasa nalala nafikiri, nimekosa nini mimi?"

Mguu wa Baba ukasimama. Macho yake yakanijia usoni, yakashuka mpaka kwenye kucha zangu, zilizokuwa na ukoko wa unga. Jioni tulipokuwa tunarudi, tukiwa tumeshavuka soko, ndipo alipofungua mdomo. Alisema kumwita mtu kwa sauti ya rafiki yake ili umdhuru ni kuwakosea watu wawili kwa mpigo. Akaniamuru kesho niende kumwambia mzee mwenyewe, na kopo nisiliguse tena.

"Na Mama?" nilimuuliza.

Alitembea mbele yangu hadi nyumbani, nami nilimwona akifuta uso kwa ukosi wa shati.

Asubuhi nilimkuta Babu Jivani kwenye zege lake. Nilimwambia yote, haraka haraka, nikiogopa kwamba nikipumzika nitakimbia. Nilimwambia habari za mimba, wodi na mchuzi. Aliuliza ni samaki wangapi. Nilisema tisa. Akatazama maji muda mrefu.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungekubali, babu?"

Alifikiri kweli, sikuwahi kuona mtu mzima akilifikiria swali la mtoto namna ile. "Nisingekubali," alisema. "Hawa wanakuja kwa sababu wananiamini."

"Na mama yangu je?"

"Sijui, mjukuu. Usiniulize hilo." Akaweka kopo chini, akamwaga unga wote majini kwa mara moja, hakuligonga, akaondoka bila mwavuli wake. Nilimkimbilia nikampa. Aliupokea akaendelea na njia yake.

Siku tatu zilizofuata hapakuwa na samaki. Baba aliacha sare za watu akashinda bwawani tangu alfajiri, akarudi na kambale mmoja ambaye Mama hakuweza hata kumtazama. Siku ya nne alizimia uani. Akapelekwa kulekule alikosema harudi, akatundikiwa dripu, nami nikabaki kwa jirani nikizunguka uani mpaka jirani akaniambia nitamchimbia msingi wa nyumba kwa miguu. Sikula. Niliamini kwamba nimemuua mdogo wangu kwa kusema kweli, kama vile awali nilivyomlisha kwa kusema uongo. Baba aliporudi siku ya pili alinikuta mlangoni. Alisema mimba ipo. Alisema tena, kwa sababu sikumsikia mara ya kwanza. Mkwe wa Babu Jivani alikuwa amepika kichri, chakula chao laini cha mchele na dengu, mzee akakipeleka wodini mwenyewe, na Mama alikula vijiko viwili vikakaa.

Mama alipotoka hospitali nilimsimulia. Akasema, "Kumbe tulikula sadaka ya mtu." Tangu siku hiyo mpaka alipojifungua alikanda unga kila asubuhi kwa mkono wake, nami nikaupeleka bwawani. Nilisimama hatua chache nyuma ya mzee. Tulirusha kimya. Maji yalishuka, yakawa mazuri, perege wakaanza kuonekana tena wawili watatu, lakini kopo hakuligonga tena mbele yangu.

Sasa bwawa halipo. Lilifukiwa na vifusi na tope la mafuriko ya miaka mingi, na ukipita penye zile nyumba huwezi kumwonyesha mtu lilipokuwa. Babu Jivani amefariki, na barazani mwa duka lake wanauza makava ya simu. Mdogo wangu ni mtu mzima, ana kitambi, anauza viatu hapohapo Mchikichini, na samaki hali kabisa, anasema wana miiba. Nilipomsimulia habari hii alicheka mpaka akakohoa. "Dada, samaki tisa tu," alisema, "na wewe bado unawahesabu?"

Nawahesabu. Sijui kama ndio waliomfikisha, au angefika hata bila wao. Nimewauliza wakunga wawili, kila mmoja akanipa jibu lake. Babu Jivani alisema kweli kwamba asingekubali, nami nikisema kweli, kama leo ningekuwa mtoto wa miaka kumi, mama yangu amegeukia ukutani, ningegonga. Nimezeeka na kweli hizo mbili na hazijapatana. Wakati mwingine nadhani mzee naye alikufa nazo.

Kila Jumapili mdogo wangu huja kula kwangu. Kengele ipo, lakini haitumii. Hugonga geti kwa funguo zake, mara tatu, polepole. Nami huwa nimeshainuka kabla hajamaliza.