Shira ya Mama Sylvi

Mama mkwe wangu Sylvi hugema mibetula, miti ya nchi za baridi, kama wengine wanavyokwenda kanisani, bila kukosa na bila kuulizwa. Theluji ikianza tu kulegea huku Savo, kabla jani halijachomoza, utamwona na keekee mkononi, anatoboa yale magome meupe, anapachika mrija, anatundika ndoo. Mti mwembamba haugusi. "Huyu bado mtoto," husema, akaupapasa na kupita.

Maji ya mbetula ni maji tu; ukiyanywa utadhani umedanganywa. Huchemshwa uani kutwa nzima, ndoo kwa ndoo, mpaka ibaki shira nyeusi ya kujaza chupa chache. Na shira hiyo ina hila: sasa hivi ni asali, ukigeuza shingo imekuwa lami. Sylvi hakuwahi kutumia kipimo. Alinusa mvuke, akasema "tayari", akaepua.

Mumewe, mzee Taisto, hakuwahi kuisifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Taisto aliyaogopa sana maji hayo. Kila Mei Mosi, tukila chapati za maji kwa shira mpya, alisema ni dawa ya kikohozi, kisha akaongeza nyingine. Kuna mwaka alisema ingefaa kupakwa mashua. Sylvi aliyangojea matusi hayo mwaka mzima, na akishayapata uso wake hukunjuka.

Msimu wa baridi uliopita, mafua yaliondoka na pua yake. Alijua asubuhi alipoinamia kahawa asisikie harufu yoyote. Aliniambia mimi peke yangu, akanikataza kumwambia mzee. Nikajitolea kumnusia mwaka huu. Alinitazama vibaya.

"Wewe mwanangu hata uji unaunguza," akasema. "Nitaangalia povu. Ikiungua, basi, keekee naitundika. Sigemi tena."

Nilimpenda mno siku ile, na nilitamani kumtikisa mabega.

Basi akaangalia povu. Mei Mosi ikafika, chapati zikaja mezani, nikaonja wa kwanza. Shira ilikuwa imeungua. Si sana, lakini ule uchungu wa chini ya sufuria ulikuwamo. Nikainamisha kichwa, nikatafuna. Sylvi hakunitazama mimi. Alikuwa akimtazama mumewe.

Taisto alitafuna polepole, kisha akaacha kutafuna. Akamwangalia mkewe, akaangalia sahani, halafu akaichukua chupa na kumimina shira zaidi, tena nyingi.

"Tamu," akasema. "Mama, ya mwaka huu ni tamu kweli."

Sylvi akaweka uma chini.

"Imeungua," akasema.

"Nani kasema?"

"Wewe. Hujanisifu tangu unioe."

Mzee akajikuna shingo. Alimjua mkewe vya kutosha kujua shira yake haiungui hivi hivi.

"Ni pua?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Tangu yale mafua."

"Mbona hukuniambia?"

Taisto akasogeza kiti chake mpaka kikagusana na cha mkewe.

"Mwakani tutakaa wote pale motoni," akasema. "Yangu bado inafanya kazi."

"Utasinzia, Baba."

"Utaniamsha."

Sylvi akamwekea chapati nyingine. Mzee akaila yote, akafuta sahani kwa kidole, na shira ile, jamani, ilikuwa chungu.